Uliza Tukujibu: Moshi, vumbi na kinga inayougeukia mwili

Katika baridi yabisi, lupasi (lupus) na maradhi mengine ya jamii hiyo, kinga ya mwili huacha kupambana na vijidudu ikamshambulia mwenyewe. Barua nyingi za safari hii zimeuliza kama hewa chafu inaweza kuyachochea. Tumejibu tano.

Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naumwa baridi yabisi mwaka wa nne sasa, natumia methotrexate, dawa ya kutuliza kinga, kila Jumapili. Tunakaa kando ya barabara ya malori na jirani huchoma taka kila jioni. Wiki za moshi na vumbi vidole vinavimba, asubuhi hata kifungo cha blauzi sifungi. Mume wangu anasema ni baridi tu. Hewa inawezaje kufika kwenye viungo? (Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam)

Marahaba, dada. Hewa chafu ina njia ya kufika huko, na sehemu kubwa ya njia hiyo inajulikana.

Moshi wa dizeli, wa taka na wa jikoni umejaa chembe laini ziitwazo PM2.5, yaani zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani una mikromita 50 hadi 70. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, lakini chembe hizi hupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Huko seli za ulinzi huzimeza, zikashindwa kuzimaliza, zikaanza kumwaga kemikali za kuita msaada, zikiwemo IL-6 na TNF. Hizo ndizo zinazovimbisha viungo vya mgonjwa wa baridi yabisi, na baadhi ya sindano mpya za ugonjwa huu zimetengenezwa kuzizuia hizohizo. Zikishaingia kwenye damu hazibaki kifuani.

Njia ya pili ni ya polepole zaidi. Mapafu yanayochokozwa na moshi kwa muda mrefu hubadilisha umbo la baadhi ya protini zake, na kinga ikaziona kama ngeni na kuzitengenezea kingamwili, yaani protini za kushambulia kigeni. Kipimo cha damu cha anti-CCP, ambacho huenda ulifanyiwa siku ya kwanza, kinatafuta kingamwili hizo. Kwa wengine huonekana miaka kadhaa kabla ya kiungo cha kwanza kuvimba. Ushahidi wenye nguvu kuliko wote hapa ni wa moshi wa sigara, hasa kwa mtu aliyerithi vinasaba fulani. Kwa hiyo kama kuna anayevuta ndani ya nyumba yenu, anzeni na huyo kabla ya malori.

Kuhusu hewa ya mjini, watafiti wa Verona, Italia, waliangalia wagonjwa wa baridi yabisi na kukuta kwamba katika siku 60 za kabla ya ugonjwa kulipuka, hewa waliyokuwa wakivuta ilikuwa chafu zaidi. Kazi yao nyingine, ya watu zaidi ya 81,000 kati ya 2016 na 2020, ilionyesha kwamba waliokaa muda mrefu penye PM2.5 inayozidi mikrogramu 20 kwa mita ya ujazo walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 13 zaidi wa kuwa na ugonjwa wa aina hii. Ongezeko hilo si kubwa. Tena wengi wao walikuwa wanawake wa umri mkubwa waliokuwa wakichunguzwa mifupa, na matokeo hayo yanaonyesha uhusiano tu. Hayathibitishi kwamba hewa peke yake ndiyo iliyowaletea ugonjwa. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5.

Mumeo naye hajakosea kabisa. Baridi huongeza maumivu na ukakamavu, ila mara nyingi hali hiyo hulegea mwili ukipata joto. Uvimbe unaoonekana kwa macho na ukakamavu wa asubuhi unaozidi saa moja ni ishara kwamba ugonjwa wenyewe umeamka.

Ili ujue lililo lako, weka daftari kwa wiki nane. Kila asubuhi andika: umekakamaa dakika ngapi, viungo vingapi vimevimba, maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10. Jioni andika kama taka zimechomwa, umepikia nini, na kama umekula dawa. Weka alama siku za hedhi, mafua na usingizi mbovu, maana hivyo navyo huchochea. Daftari huharibika mtu anapoandika siku mbaya tu. Bila siku nzuri hakuna cha kulinganisha. Usitafute pia moshi wa leo na maumivu ya leo pekee, kwani athari huweza kuchelewa siku au wiki. Mwenda kliniki na daftari huondoka na uamuzi bora wa dawa.

Nyumbani, hamishia kitanda chumba kilicho mbali na barabara. Funga madirisha ya upande wa malori saa za foleni na fungua ya upande wa pili. Piga deki badala ya kufagia kukavu. Suala la taka lipelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa majirani kadhaa; mtu mmoja akienda huonekana mgomvi. Na usipandishe wala kushusha methotrexate kwa kufuata moshi. Ni dawa ya mara moja kwa wiki; kuimeza kila siku kumewahi kuua watu.

Assalaam alaykum. Nina lupasi. Nyumbani hatukosi udi na ubani, na usiku tunawasha dawa ya mbu ya kuchoma. Je, niache vyote? Na jiko la mkaa? (Msomaji wa Mji wa Kale, Mombasa)

Waalaykum salaam, mama. Dawa ya mbu ya kuchoma (koili) acha kabisa. Utafiti uliochapishwa 2003, uliopima koili za China na Malaysia, ulikuta koili moja hutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Inafuka chumbani usiku kucha, mlango umefungwa, nawe umelala hatua mbili kutoka hapo. Chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, kinakulinda bila moshi wowote.

Udi tunajua una nafasi yake kwa wageni, harusi na nguo za Ijumaa, wala hatuoni sababu ya kukunyang'anya. Tatizo ni kuufukiza chumbani. Kaa la moto ndani ya chetezo hutoa kaboni monoksidi, na kipande cha udi kinapoungua hutoa chembe zilezile za PM2.5. Fukizeni uani, nguo zikiwa zimetandazwa juu ya tenga, na kazi hiyo aifanye mwingine. Nguo zipunge upepo robo saa ndipo ziingie ndani. Kwa kuwa lupasi huchokozwa pia na jua, wewe kaa kivulini upande upepo unakotoka. Ndani ya nyumba asumini na mrashi wa marashi vinatosha.

Kwa wagonjwa wa lupasi wa Montreal, Kanada, PM2.5 ilipopanda, kingamwili za anti-dsDNA, ambazo hupimwa kufuatilia lupasi, na dalili za figo kuguswa zilionekana zaidi kwenye vipimo. Ndiyo maana tunaomba usipuuze kupima mkojo kila kliniki hata ukijiona mzima.

Mkaa hudanganya. Ukishashika vizuri moshi hauonekani, lakini kaboni monoksidi inaendelea kutoka, nayo haina rangi wala harufu. Washia nje hadi makaa yote yawe mekundu, na hata baada ya hapo pika penye madirisha mawili yanayotazamana. Usilale na jiko chumbani. Ukipata gesi ya mtungi, anza kuitumia kwa mapishi marefu kwanza, kwa sababu sufuria ya maharage ndiyo inayokuweka mbele ya moshi saa nyingi. Yaloweke saa 8 hadi 12, yaive kwa muda mfupi zaidi. Sufuria ya presha ya umeme huivisha maharage ya nyumba nzima kwa umeme usiofika yuniti moja. Wengi huiogopa bili bila kuipigia hesabu.

Naendesha boda Nairobi na nina baridi yabisi. Barakoa ya kitambaa inanisaidia?

Kidogo sana, kaka. Chembe laini hupenya kwenye kitambaa na pembeni mwa mashavu. Tafuta N95, ambayo huzuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, au FFP2 ya asilimia 94. Bana chuma cha puani, funika barakoa kwa viganja, kisha puliza kwa nguvu: ukihisi upepo machoni au mashavuni, haijakaa. Ndevu huifanya ivuje. Ibadilishe ikilowa, ikichafuka au mikanda ikilegea. Haizuii gesi za ekzosi, hivyo kwenye foleni usisimame nyuma ya bomba la basi. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, una programu ya bure ya simu inayoonyesha uchafu wa hewa katika miji kadhaa, Nairobi ikiwemo. Iangalie asubuhi kabla ya kutoka: alfajiri tulivu ya baridi mara nyingi huwa chafu, kwa kuwa hewa ya juu yenye joto huufungia moshi chini.

Mama yetu anaponda kokoto Mwanza miaka mingi. Sasa vidole vyake hugeuka vyeupe akishika maji ya baridi, na ngozi ya mikono inakuwa ngumu, inang'aa. Vumbi linahusika?

Mpelekeni hospitali ya rufaa, msisubiri. Vidole kubadilika rangi kwa baridi pamoja na ngozi kukaza ni dalili za skleroderma, ugonjwa unaoweza kukakamaza mapafu na kuharibu figo. Mwambieni daktari kazi yake, maana wengi hawaulizi.

Mawe ya Mwanza ni matale (graniti), yenye silika nyingi, madini yaliyomo pia kwenye mchanga. Silika ikisagwa hutoa vumbi jembamba ambalo mapafu hayawezi kulitoa, na kinga hukaa imewashwa miaka yote. Mwaka 1957 daktari Erasmus wa Afrika Kusini alieleza skleroderma kwa wachimbaji wa dhahabu, na tangu hapo silika imehusishwa pia na baridi yabisi na lupasi. Mawe ya matumbawe ya pwani yana silika kidogo, kwa hiyo hatari ya wapondaji wa huko si sawa na ya matale.

Kwa mama, ushauri wetu ni kuacha kuponda. Kwa wanaoendelea: jiwe lilowe kabla ya nyundo na libaki limelowa, kwani uso ukikauka vumbi hurudi. Wakae upepo ukitokea mgongoni, wavae N95, na wafue nguo za kazi peke yake bila kuzikung'uta ndani. Watoto wasicheze kwenye kifusi.

Vidole avilinde kwa soksi za mikono, anawe maji ya vuguvugu. Akiumwa kichwa ghafla au macho yakififia, apimwe presha siku hiyohiyo. Katika ugonjwa huu presha ya ghafla huashiria figo.

Natumia methotrexate na prednisolone. Nina kikohozi kikavu wiki ya tatu; watu wanasema ni moshi wa jikoni. Nisubiri? (Msomaji wa Morogoro)

Usisubiri. Moshi hukohoza, ila kwako kuna mambo matatu ya kuondoa kwanza. La kwanza ni kifua kikuu: kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji kipimo cha makohozi, na dawa zako hushusha kinga dhidi yake. La pili ni methotrexate yenyewe, ambayo mara chache huvimbisha mapafu. Ishara zake ni kikohozi kikavu, homa na pumzi kukata hata ukitembea polepole. La tatu ni ugonjwa wako wa viungo kuingia mapafuni.

Ukiwa na homa au pumzi fupi, usimeze dozi ya wiki ya methotrexate hadi daktari akuone, na uende leo. Prednisolone usiikatishe ghafla; mwili uliozoea steroidi ukizikosa unaweza kuzimia kwa presha kushuka. Nenda na pakiti zote za dawa na picha za kifua za zamani, na utaje jiko unalopikia na saa unazokaa mbele yake kwa siku.