Jibu: Jinzi inafaa kwa rafting (kushuka mto wenye mawimbi kwa boti la mpira) Jinja, Uganda?
Dada, jinzi iache hotelini, ikilowa inakuwa nzito balaa na haikauki. Vaa kaptura au taitsi na fulana ya mikono mirefu, maana mkiwa katikati ya Nile hakuna kivuli na mapaja ndo yanaungua kwanza, kwa hiyo losheni ya jua paka kabla hamjaingia. Ndala zitaenda na maji, tafuta sandali zenye mkanda nyuma ama raba kuukuu. Helmeti na laifjaketi utapewa hukohuko, ila mwambie mwongozaji aivute laifjaketi mabegani, ikipanda hadi masikioni hiyo ni kubwa, omba nyingine. Simu usibebe. Halafu kichocho kipo kwenye maji hayo, wiki kadhaa baada ya kurudi kapime.