Barua kwa mwanangu, kutoka Herrnhut

Ugonile, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, kisha nikampa baba yenu simu aiweke sikioni mwenyewe. Umeuliza mambo mawili. Tumewapelekea nini Wajerumani, wakati wao ndio waliotuletea Injili? Na kwa umri wetu huu, mmoja wetu akifia huku itakuwaje? Kwenye hilo la pili sauti yako ilikatika. Ndiyo maana naandika, maana kwenye simu ningelia na wewe ungelia, na jibu usingelipata.

Jina la Herrnhut ulilikariri ukiwa kipaimara. Wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipewa hifadhi hapa mwaka 1722, kwenye ardhi ya kabaila mmoja aitwaye Zinzendorf. Miaka 10 baadaye mfinyanzi Leonhard Dober na seremala David Nitschmann wakatoka hapa kwenda kisiwa cha St. Thomas, huko Karibi, kuwahubiria watumwa. Kanisa lao, hili letu la Moravian, ndilo lililowatuma wale wamisionari wanne waliofika kwetu Unyakyusa mwaka 1891, na mmoja wao akafariki mwaka huohuo. Leo hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Huku kwenyewe ni mji mdogo tu, na eneo hili lilikuwa Ujerumani Mashariki. Watu wengi walikua bila kanisa, wakazaa watoto, nao watoto wakakua vivyo hivyo.

Mimi nilikuja na swali kama lako. Baba yenu alikuwa na mahubiri yake kwenye begi, yameandikwa vizuri. Miezi ya kwanza hakuhubiri hata moja. Tulikuwa tunasoma lugha, tunajifunza taka ipi inaingia pipa lipi, na kuzoea giza linaloshuka saa kumi jioni mwezi wa Desemba. Tukuyu tumezoea ukungu na mvua, lakini baridi hii inauma mpaka kwenye meno. Kuna jioni nilimwambia baba yenu turudi nyumbani. Hakunibishia. Alinisongea ugali kwa ule unga wa mahindi wa Wataliano, uliobaki na punje punje, tukala kimya, kesho yake tukaenda darasani.

Kisha wakatuomba tuwe tunawatembelea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hapo ndipo nilipolipata jibu lako.

Kuna bibi mmoja ana miaka zaidi ya 90. Siku ya kwanza nilimsalimu kwa Kijerumani changu, akaniangalia tu. Nikaishika mikono yake. Ilikuwa ya baridi kama ya mgonjwa aliyetoka kupoteza damu, nawe unajua miaka 36 ya wodini imenifundisha nini kuhusu mikono. Nikaanza kuisugua. Kando ya kitanda chake nikaona kitabu kidogo cha bluu. Nilikitambua kabla sijasoma jalada: ni maneno ya kila siku, yale ambayo babu yako alikuwa anatusomea kabla ya chai. Huchaguliwa kwa kura hapahapa Herrnhut, na yamekuwa yakichapishwa tangu mwaka 1731. Nikatoa cha kwangu cha Kiswahili kwenye mkoba. Akafungua tarehe ya siku ile, nami nikafungua. Akasoma mstari wake, nikasoma wangu, na ulikuwa mstari uleule. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akafunga macho akasema neno nililolielewa bila mwalimu: "Amina."

Sasa naenda kwake kila Jumanne na Ijumaa. Mwanawe yuko mbali, anakuja akipata nafasi. Simlaumu, kwa sababu na wewe uko Dar na mimi niko huku. Hicho ndicho tulicholeta, mwanangu: muda wa kukaa kitini bila kutazama saa. Kwetu hakuna anayekiita huduma, kwa kuwa mgonjwa wetu huwa na watu sita chumbani. Huku mzee anaweza kumaliza wiki asishikwe mkono na mtu asiyevaa glovu. Nimeshika mikono mingi maishani, na sioni kwa nini kustaafu kungenizuia.

Sasa hilo la kifo. Makaburi ya hapa yako kilimani, huitwa shamba la Mungu. Ukiacha yale ya familia ya Zinzendorf pale katikati, mawe yote ni bapa, yamelala chini, ya mkubwa na ya mdogo sawasawa. Alfajiri ya Pasaka tulipanda huko na tarumbeta kabla jua halijachomoza. Wapigaji walikuwa wachache kuliko wetu wa Rungwe, ila wimbo nilioujua ulinitoa machozi. Nilisimama pale nikakufikiria. Kwa desturi yao wanaume hulala upande mmoja na wanawake upande mwingine. Hilo sikulipenda, na nilimwambia baba yenu palepale. Kwa hiyo sikiliza: mkataba ni miaka mitatu, bima yetu inalipa gharama za kurudisha mwili, na karatasi zote ziko kwenye bahasha ya kaki kwa shangazi yako. Mungu akiamua vingine, tutalala Tukuyu, karibu na migomba, pamoja. Tumeshakubaliana.

Wamoravian wa zamani walikuwa na desturi nyingine, hii naipenda: mtu anaandika mwenyewe habari za maisha yake, kisha husomwa siku ya kumzika. Baba yenu ameanza yake, kwa mkono, kwenye daftari la mistari. Yuko ukurasa wa tisa na bado hajamaliza darasa la nne. Jana amekwama kwa kuwa hakumbuki jina la yule ng'ombe mwekundu waliyemuuza ili apate ada. Muulize baba mdogo, yeye ndiye aliyekuwa anamchunga, halafu ututumie jibu.

Mama yako