Maswali ya Wasomaji: Utumishi Haupimwi kwa Wingi wa Vikao

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wanne, mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Njombe, na pia ni mhazini wa umoja wa wanawake. Juma zima nimo kanisani: mazoezi ya kwaya, ibada za nyumba kwa nyumba, vikao vya kamati, na Jumapili hubaki ofisini na wenzangu kuhesabu sadaka na fedha za mnada hadi jioni. Mume wangu, ambaye naye ni mwamini, ameanza kulalamika kwamba nyumba haina mama. Mama mkwe wangu anaugua miguu, na anayemwogesha na kumpikia uji ni binti yangu aliye kidato cha pili. Katika sikukuu ya mavuno mwaka huu wazee kadhaa walitajwa mbele ya washarika wakapewa vitenge. Jina langu halikutajwa, nami nilirudi nyumbani nikalia. Je, nikipunguza majukumu nitakuwa nimemwacha Mungu? Na kama kweli ninamtumikia yeye, kwa nini niliumia?
Mama wa Njombe

JIBU: Marahaba, mama. Niruhusu nianze na yule bibi anayesubiri uji, kwa sababu katika barua yako yote ndiye aliyenigusa zaidi. Mtume Paulo, anapomwandikia Timotheo habari za wajane, anasema kwamba mtu asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Ni neno zito kuliko tunavyopenda kulisoma, nasi wachungaji hulipita haraka kwa kuwa tunawahitaji watu kama wewe katika kamati zetu. Kumwogesha mama mkwe wako ni utumishi wa Kikristo sawasawa na kuomba katika ibada ya nyumba kwa nyumba, wala si kazi ya kidunia inayokuchelewesha kwenda kwenye kazi ya Mungu. Binti yako naye, anayefanya kazi hiyo huku vitabu vyake vikimngoja, anajifunza kutoka kwako maana ya kumtumikia Mungu, na usingependa ajifunze kwamba maana yake ni kutokuwepo nyumbani.

Kwa hiyo, kupunguza majukumu si kumwacha Mungu. Musa alipokuwa akikaa tangu asubuhi hata jioni kuwaamulia watu mashauri yao, mkwewe Yethro hakumsifu kwa bidii hiyo. Alimwambia wazi kwamba jambo analolifanya si jema, kwamba atajichosha yeye pamoja na watu, akamshauri achague watu waaminifu wa kushika sehemu ya mzigo. Ushauri huo umo katika Kutoka sura ya 18, na unafaa kusomwa katika baraza la wazee la usharika wowote ambamo mama mmoja ana vyeo vitatu.

Ni lipi uliache na lipi ulishike? Ningeachia kwaya na zamu za nyumba kwa nyumba kwa muda, kwa sababu wapo wengine wa kuzishika, nami ningebaki na hazina. Nasema hivyo kwa kuwa nadhani hukioni vizuri kile unachokifanya katika chumba kile Jumapili jioni. Noti zile zilizokunjwakunjwa, sarafu za watoto wa shule ya Jumapili, bei ya kuku na ya debe la viazi vilivyonadiwa nje ya mlango wa kanisa: hiyo ni jasho la watu, na wengi wao hawatauliza kamwe ilikwenda wapi. Paulo mwenyewe, alipokuwa akichanga fedha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakukubali kuzishika peke yake. Katika 2 Wakorintho sura ya 8 anaeleza kwamba makanisa yalichagua ndugu wa kusafiri naye, ili mtu asipate neno la kuwalaumu, maana aliangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Ninyi mnaohesabu pamoja, mkaandika kiasi na kutia sahihi kabla ya fedha kutoka mezani, mnafanya kazi ileile. Tafuta kijana mmoja mwaminifu umfundishe kuhesabu na kuandika daftari, ili ikifika siku huwezi kuja, hesabu isiharibike na wewe usilazimike kumwacha mgonjwa.

Sasa machozi yako. Sioni dhambi katika kuumia. Katika Warumi sura ya 16 Paulo anawataja watumishi kwa majina: Fibi wa Kenkrea aliyewasaidia watu wengi, Priska na Akila walioweka shingo zao hatarini kwa ajili yake, Mariamu aliyejitaabisha sana. Kanisa linalosahau kumshukuru mtu limepungukiwa katika wajibu wake, na usharika wenu ulipungukiwa siku ile. Lakini liko jambo la kujichunguza, nalo ni hili: tangu siku ile, je, umeanza kuhesabu kwa uvivu, kuchelewa makusudi, au kuwatazama waliopewa vitenge kwa jicho baya? Hapo ndipo jeraha hugeuka kuwa kitu kingine, na hapo ndipo pa kuombea.

Ninapofikiria mtumishi aliyefanya kazi pasipo kutazamwa, namkumbuka Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895 na mwaka uliofuata akavuka kwenda Mboga, katika nchi ambayo leo ni Kongo, kufundisha Injili. Chifu wa hapo, Tabaro, hakumtaka. Watu walizuiwa wasimpe chakula, naye akashika jembe akalima. Dada wa chifu alipokufa kwa kuangukia mkuki, Apolo alisingiziwa kifo hicho, akapelekwa Toro, magharibi mwa Uganda, akiwa amefungwa, akatiwa gerezani. Alipoachiliwa alirudi Mboga kwa watu walewale, na baadaye Tabaro mwenyewe akaamini na kubatizwa. Uzeeni, akiwa tayari kasisi, Apolo aliingia msitu wa Ituri kuwafundisha Wambuti, watu wa msitu huo. Alifariki Mboga mwaka 1933, na Kanisa la Anglikana la Kongo huhesabu mwanzo wake katika kazi yake. Miaka ile ya mwanzo hakuwapo mtu wa kumtaja mbele ya washarika, kwa kuwa washarika wenyewe hawakuwapo bado.

Hata hivyo, tafadhali usiuchukue mfano huu kuwa sababu ya kuongeza safari. Apolo hakuwa na mwenzi aliyemngoja nyumbani. Alikuwa mwaminifu kwa kile alichokabidhiwa yeye, na wewe umekabidhiwa mume, watoto wanne, bibi mgonjwa na sanduku la fedha. Mwambie mume wako hivyo jioni moja mkiwa wawili, umsikilize pasipo kujitetea, kisha nendeni pamoja kwa mchungaji wenu kumweleza ni majukumu gani unayaachia na kuanzia lini. Ukienda peke yako, huenda atakushawishi ubaki. Mkienda wawili atawaelewa.

SWALI: Mchungaji, mimi ni kijana wa Kianglikana kutoka wilaya ya Newala, na ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika kinachopokea korosho. Msimu uliopita niliagizwa na mkubwa wangu nipunguze kilo moja katika kila gunia ninapoandika uzito, eti kufidia unyaufu ghalani. Nilifanya hivyo majuma machache, kisha nikashindwa kulala. Natamani kuacha kazi niende chuo cha Biblia, nimtumikie Mungu kikamilifu. Unanishauri nini?
Karani

JIBU: Kijana wangu, chuo cha Biblia ni kitu chema, ila nisingependa uende huko kwa kuikimbia mizani. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache meza zao. Aliwaambia wasitoze kitu zaidi ya walivyoamriwa. Mkulima anayeshusha magunia kutoka kwenye baiskeli au pikipiki hana mizani yake nyumbani. Anatazama kalamu yako. Hapo mbele yake ndipo utumishi wako ulipo sasa, na kama kuna kupungua kwa haki kunakotokana na korosho kukauka, kuna utaratibu wake wa wazi unaopasa kujadiliwa na kukubaliwa na wanachama katika mkutano mkuu, na si kukatwa kimyakimya na karani.

Msimu ujao mwambie mkubwa wako mapema, kabla ya kupokea gunia la kwanza, kwamba utaandika uzito unaosomeka na si mwingine. Mwambie mkiwa peke yenu na kwa heshima, kama anavyoagiza Bwana katika Mathayo sura ya 18. Asipokubali, lifikishe kwa bodi ya chama kwa maandishi, na ikibidi kwa afisa ushirika wa wilaya au Wakala wa Vipimo, kwa maana udanganyifu wa uzito ni kosa la sheria pia. Huenda utapoteza kazi. Siwezi kukuahidi kwamba hutaipoteza, na ndiyo maana ninakusihi umweleze jambo hili kasisi wako leo, ili usiposimama na mkubwa wako usisimame peke yako.

Zakayo aliahidi kurudisha mara 4 kwa yeyote aliyemnyang'anya kitu kwa hila. Wewe huna uwezo huo kwa mshahara wa karani, lakini nakala za stakabadhi zipo, na majina ya waliokatwa kilo zao yanasomeka. Andika orodha yao, uiweke mbele ya bodi pamoja na barua yako, na kwa kile unachoweza kukilipa mwenyewe, anza na wale walioleta magunia mawili au matatu tu.