Tunahamia Dar, watoto wasome wapi?

SWALI: Ndugu wahariri, Julai tunahama Tabora kwenda Dar es Salaam kwa kazi ya mume wangu. Watoto wako darasa la pili na la nne, shule ya serikali. Wilaya gani ina shule nzuri, na uhamisho unaanzia wapi?
Mama wa wawili, Ipuli, Tabora

JIBU: Mama, suala la wilaya liweke pembeni kwanza. Dar ina tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na jina la wilaya halikuambii shule ikoje. Kariakoo iko Ilala, na Chanika kule mbali nako ni Ilala. Tafuta nyumba, kisha shule ambayo mtoto atafika kwa miguu. Asubuhi daladala hujaa, na makonda wengi huwakwepa wanafunzi kwa kuwa nauli yao ni ndogo. Wa darasa la pili ndiye anayebaki kituoni. Mkipanga Kigamboni na shule ikawa ng'ambo, ongeza foleni ya pantoni.

Ukifika shuleni uliza mkondo mmoja una watoto wangapi, na kama wanaingia kwa zamu. Maeneo yaliyojaa watu, kama Mbagala, zipo shule zenye zamu ya asubuhi na ya mchana. Watoto wako wakipangwa zamu tofauti, mkubwa hawezi kumshika mdogo mkono njiani, na nyumbani lazima awepo mtu kutwa. Ada hakuna, ila michango ya chakula hupangwa kwenye kikao cha wazazi, iulizie mapema.

Uhamisho unaanzia hukohuko Tabora, lakini pata kwanza nafasi Dar, mwalimu mkuu wa kule akubali kwa maandishi. Ndipo mwalimu mkuu wenu ajaze fomu ya uhamisho, ipite kwa afisa elimu msingi wa manispaa. Wengi wakishapata mhuri huondoka, na hapo ndipo wanapokosea: mtoto ana namba ya PREM, mfumo wa kompyuta wa Baraza la Mitihani unaotunza taarifa za wanafunzi, na lazima ahamishwe kwenye mfumo huo pia. Asipohamishwa, anasoma Dar huku mfumo ukimhesabu Tabora. Wa darasa la nne ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana ana upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka. Muulize mwalimu mkuu kama ameshasajiliwa, na ataufanyia shule ipi. Majina nayo yafanane na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi.

Sweta usinunue Tabora. Rangi hutofautiana shule kwa shule, na kwa joto la Dar atalivua mapema.