Utitiri kwenye pilipili hoho za barazani

Pole dada wa Masasi. Umesema hoho zako za kwenye ndoo zina vidoadoa vya njano, chini ya majani kuna utando mwembamba, na dawa ya wadudu uliyopuliza haikusaidia. Kwa maelezo hayo, nadhani ni utitiri, vijidudu vidogo sana vinavyofyonza majani. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, kisha ligonge. Vinukta vikitembea, ndio wenyewe. Wana miguu minane kama buibui, na dawa nyingi za wadudu haziwaui, ila huua wadudu wazuri wanaokula utitiri. Acha kuipuliza.

Ng'oa majani yaliyoharibika sana, uyachome. Jioni osha mengine kwa maji ya kasi, hasa upande wa chini, maana ndipo wanapotaga. Halafu nyunyiza sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, kidogo tu, ukijaribu jani moja kwanza. Sabuni ya unga usitumie, inaunguza. Sabuni haiui mayai, kwa hiyo rudia kila baada ya siku tano, mara tatu au nne. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema.

Najua salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ipo kila nyumba huku kwetu, na kweli inaua utitiri. Lakini vumbi lake barazani, watoto wakiwa karibu, hapana! Tena juani inaunguza majani.

Majani machanga yakijikunja na mmea ukidumaa, huenda ni virusi, havina dawa. Mpelekee afisa ugani tawi kwenye mfuko, au uliza kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Mtwara.