Sabuni ya baba

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, duka dogo la mtaani bado linaunganisha majirani, au supamaketi na simu zimeshalimaliza?", nilitaka kulipita tu kama ninavyopita mengine, nimeshindwa. Najua majibu yatakayokuja, oo Mangi mwenye duka ni ndugu yetu, Mangi anatutunzia funguo, mgeni akija anaambiwa shuka kwa Mangi utaniona (na ni kweli, 2022 tulibandikiwa namba za nyumba na vibao vya mitaa juu, mpaka leo bodaboda anaelekezwa kwa Mangi). Mi nilikuwa naandika sentensi moja tu: duka la mtaani haliunganishi mtu, linamchungulia. Linajua umekula nini, linajua mshahara umeingia kabla mkeo hajajua.

Ngoja nieleze nnavyolijua.

Tumekulia Tandika, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, vyumba viwili. Duka lilikuwa la Mangi, na kwa msomaji wa Mombasa au Bujumbura niseme tu hilo sio jina lake, Dar kila Mchaga mwenye duka ni Mangi, ingawa umangi wenyewe, yaani uchifu wa Wachaga, serikali iliufuta tangu 1963. Dirisha la nondo, mzani, ndoo ya mafuta ya kula na kipimo chake, mche wa sabuni unakatwa vipande kwa kisu, na ukutani karatasi imeandikwa kwa maka peni KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA. Chini ya karatasi hiyohiyo ndo lilikuwa linakaa daftari la mkopo, kauntabuku nene, kila nyumba na ukurasa wake.

Baba alikuwa anavuta sigara na mama hataki, hataki kwelikweli, sababu ya kifua cha mdogo wangu. Basi baba akamwambia mama ameacha. Wapi. Jioni akitoka kazini anapitia pale anachukua Sportsman mbili, anavutia nyuma ya duka, anatafuna Big G, anakuja nyumbani ananukia kama mtoto wa shule. Hela hana mpaka mwisho wa mwezi kwa hiyo zinaingia kwenye ukurasa wetu, na anayeenda kulipa ni mama, na mama anasoma. Sasa Mangi angeandika sigara ingekuwaje? Akawa anaandika sabuni. Mi nilikuwa nalijua hilo maana ndo niliyekuwa natumwa pale mara nne kwa siku, na siku moja nilimuona kabisa anaandika, akanipa pipi bila kusema kitu, nikaelewa.

Ikafika mwisho wa mwezi mmoja tumeenda na mama. Akaomba daftari alisome mwenyewe, akawa anapita na kidole. Unga. Sukari robo. Sabuni. Mafuta ya taa. Sabuni. Sabuni. Kiberiti, sabuni. Akarudi juu akahesabu upya. "Mangi, sabuni vipande 17? Kwani mi nafulia mtaa mzima?" Mangi alikuwa anampimia mtu mchele, hata macho hakuinua, akasema, "Mama, mwezi huu mvua nyingi, nguo zinachafuka." Na mvua haikunyesha. Pale nje kwenye benchi kulikuwa na wazee wa drafti, mmoja akakohoa kile kikohozi cha makusudi, mwingine akainama kama anatafuta kete iliyodondoka. Mi naangalia kandambili zangu. Mama akaniangalia, akaangalia benchi, akaangalia ule mche wa sabuni juu ya meza, alafu akafungua kitambaa akalipa. Yote. Njia nzima hakusema neno na nyumbani pia hakusema, usiku ule sikulala nasubiri vita haikuja.

Mwezi uliofuata daftari likawa na vitu viwili: "sabuni", na "sabuni ya baba".

Nani aliagiza iandikwe vile, mama au Mangi mwenyewe, sijawahi kuambiwa. Ila benchi lililipata, na likishapata benchi limepata Tandika nzima. Baba akawa Baba Sabuni, mi shuleni naitwa Foma, ile sabuni ya unga. Miezi kadhaa baba hakukanyaga pale, ananituma ng'ambo ya barabara kwa Mpemba ambaye hatujui na hatukopeshi, ni keshi tu, na nadhani pale ndo alipunguza sigara kuliko mwaka wowote maishani mwake. Sasa niambieni huo muungano uko wapi hapo.

Lakini nikishaandika hayo inabidi niandike na hili. Baba alifariki 2011. Mjumbe alimpa Mangi kazi ya kuandika rambirambi kwa sababu mwandiko wake mtaa mzima tunaujua, akaja na kauntabuku mpya ya dukani, akaketi nayo chini ya turubai siku tatu, duka anauza kijana. Arobaini ilipopita mama akaenda kulipa deni na mi nikamfuata, nimejiandaa kusikia Mangi akisema basi mama, hilo liache. Hakusema. Alipokea hela, akahesabu, akaweka rula akapiga mstari. Nilichemka. Njiani nikamwambia mama, huyu ni mtu gani huyu, mama akanijibu, "Akinisamehe leo, kesho napitaje pale kukopa?" Alafu akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, maana ukurasa ule "sabuni ya baba" ilikuwepo mpaka wiki ile aliyolazwa.

Kwa hiyo nadhani swali lenu limekosea kidogo. Duka lenyewe haliungi kitu, kinachounga ni deni, na namna lilivyoandikwa. Marehemu babu alikuwa akisema 1976 walipokuja na Operesheni Maduka, wakafunga ya watu binafsi vijijini wakaweka ya kijiji, kilichouma sio kukosa sukari tu, ni kukosa wa kumkopa. Na hizo supamaketi mnazosema zitalimaliza, Shoprite iliuza maduka yake ya hapa 2014, Uchumi ikafunga 2015, Nakumatt nayo ikaanguka, Mangi bado anapima mchele. Simu ndo naiogopa. Hii mikopo ya kwenye simu, ya riba kubwa, tunayoiita kausha damu, ukichelewa siku moja wanawatumia meseji mpaka wakwe zako kwamba we ni mdaiwa sugu. Mangi alijua miezi akaandika sabuni.

Sisemi ni malaika. Bei ya mkopo ilikuwa juu ya bei ya keshi, mzani wake una maneno, na Desemba anafunga anaenda Rombo mtaa mzima tunahangaika. Na mi mwenyewe siku hizi naishi Kinyerezi, nalipa kwa simu, kijana wa duka hajui naitwa nani, na nilikuwa napenda hivyohivyo.

Ijumaa mtandao ulisumbua nikapungukiwa shilingi 300. Akasema "utaleta tu, bro." Leo Jumanne, zipo mfukoni, nimepita pale mara mbili sijazitoa.