Kabla Hujagusa Ukuta wa Zizi la Kale la Mawe

Nilipopewa kazi ya kusimamia ukarabati wa zizi la kale la farasi kijijini, kosa langu la kwanza lilikuwa kumwagiza mwashi ajaze viungo vya mawe kwa saruji. Chokaa ya zamani ilikuwa ikipukutika kwa kidole, nami nikadhani kwamba dawa ya kitu laini ni kitu kigumu. Baada ya misimu michache ya mvua saruji ilikuwa bado imara kabisa, ila nyuso za mawe yaliyoizunguka zilikuwa zikibambuka kama magamba.

Ukuta wa aina hii mara nyingi ni kuta mbili zilizojazwa kifusi katikati na kufungwa pamoja kwa mawe marefu yanayopita unene wote. Chini yake hakuna kizuizi cha unyevu, kwa hiyo maji yanayopanda kutoka ardhini hutafuta njia ya kutokea kwenye viungo vya chokaa. Ukiviziba kwa saruji, hayana budi kupitia jiwe lenyewe. Zizini hali huwa mbaya kuliko katika nyumba ya watu, kwa sababu mkojo na samadi ya miaka mingi huacha chumvi za naitreti sehemu ya chini ya kuta, na chumvi hizo zinapoganda kuwa fuwele ndani ya vitundu vya jiwe hulimega kidogo kidogo.

Basi tumia chokaa na mchanga, mchanganyiko ulio laini kuliko jiwe lako. Chokaa ya kawaida hukomaa kwa kufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani, si kwa kukauka tu, hivyo ifunike kwa magunia yenye unyevu ili isikaushwe haraka na jua au upepo. Mafundi watalalamika kwamba kazi inakwenda polepole, na wana haki; lakini kuichimbua saruji yangu kwa patasi, huku kingo za mawe zikivunjika, kulichukua muda mrefu zaidi.

Pia usizibe matundu membamba yaliyo juu ya kuta, hata kama yanaleta baridi. Yaliwekwa ili kutoa hewa ya amonia na mvuke wa pumzi za wanyama, na hadi leo ndiyo yanayosaidia kuukausha ukuta. Sakafu iliyoinama kuelekea mferejini nayo usiisawazishe.

Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unasema kwamba urejeshaji ukome pale kukisia kunapoanza. Sisi tulikuta safu ya mashimo ya boriti, ushahidi kwamba palikuwa na dari ya kuhifadhia nyasi kavu, lakini hapakuwa na alama yoyote ya ngazi. Mwenye jengo alitamani sana ngazi ya mbao ya kizamani. Tuliyasafisha mashimo, tukayaacha wazi, naye akapewa ngazi ya kuegemeza.